Eric Gill

Arthur Eric Rowton Gill (22 Februari 1882 – 17 Novemba 1940), anayejulikana zaidi kama Eric Gill, alikuwa mchonga mawe, mchonga sanamu na mbunifu wa herufi kutoka Uingereza. Alianza maisha ya kazi kwa kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi na kuchora vibao vya maduka. Kutokana na ufundi huo wa mikono zilitokea fonti za Gill Sans na Perpetua, ambazo bado zinatumika duniani.

Gill alifundisha kwamba anayebuni kitu na anayekitengeneza wanapaswa kuwa mtu mmoja, na kwamba kiwanda kinamnyima mfanyakazi heshima yake kwa kuwatenganisha wawili hao. Hata hivyo herufi zake zilienea hasa kwa njia ya mashine. Tangu mwaka 1989 inajulikana pia kwamba aliwanyanyasa kingono binti zake wawili, jambo lililoanzisha mjadala mkubwa kuhusu kazi zake zilizopo katika makanisa na majengo ya umma.

## Utoto na masomo

Gill alizaliwa mjini Brighton, kusini mwa Uingereza, akiwa wa pili kati ya watoto 13 wa mchungaji Arthur Tidman Gill na mke wake Rose King, ambaye kabla ya ndoa alikuwa mwimbaji. Ilikuwa familia yenye kushika dini na yenye kipato kidogo. Mwaka 1897 baba yake alijiunga na Kanisa la Anglikana, na familia ikahamia Chichester, mji mdogo wenye kanisa kuu la kale. Huko Eric alisoma katika shule ya ufundi na sanaa.

Mdogo wake MacDonald Gill (1884–1947), aliyeitwa Max, alikuwa pia msanii. Anakumbukwa kwa ramani zake za kuchora na kwa kubuni herufi zinazotumika kwenye mawe ya makaburi ya askari wa Milki ya Uingereza waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1900 Eric alikwenda London kujifunza usanifu majengo katika ofisi ya W. D. Caröe, msanifu aliyeshughulika zaidi na majengo ya kanisa. Kazi ya kuchora kwenye karatasi kitu ambacho watu wengine wangekijenga haikumridhisha. Jioni alikuwa akisoma uashi wa mawe katika Westminster Technical Institute, na sanaa ya mwandiko katika Central School of Arts and Crafts.

Mwalimu wake wa mwandiko alikuwa Edward Johnston (1872–1944), aliyefufua ufundi wa kuandika kwa kalamu ya ncha pana kwa kuchunguza hati za kale. Johnston alifundisha kwamba umbo zuri la herufi hutokana na kifaa kinachoitengeneza: kalamu huzaa umbo lake, brashi lake na tindo lake. Fundisho hilo ndilo lililomwongoza Gill maisha yake yote. Mwaka 1902 alihamia katika makazi ya Johnston mtaa wa Lincoln's Inn, na mwaka 1903 akaacha usanifu majengo ili aishi kwa kazi ya herufi.

## Mchonga herufi

Kazi za kwanza za Gill zilikuwa za kawaida: vibao vya kumbukumbu, mawe ya makaburi na maandishi ya kuchora kwa rangi. Mwaka 1903 kampuni ya vitabu na magazeti ya W. H. Smith ilimpa kazi ya kuchora maandishi ya mbele ya duka lake jijini Paris, Ufaransa. Kwa herufi za Kirumi zilizo wazi na zenye nafasi ya kutosha, kibao kilisomeka kutoka mbali bila mapambo mengi yaliyokuwa desturi ya maduka wakati ule. Baadaye mtindo huo ulitumika pia kwa maduka ya kampuni hiyo nchini Uingereza.

Mwaka 1904 Gill alimwoa Ethel Hester Moore (1878–1961), ambaye baadaye aliitwa Mary. Walipata binti watatu, Betty, Petra na Joan, na wakamlea mtoto wa kiume, Gordian. Mwaka 1905 walihamia Hammersmith, magharibi mwa London, karibu na Johnston na mafundi wengine wa vitabu na uchapaji. Mwaka 1906 Gill alimpokea mwanagenzi wake wa kwanza, Joseph Cribb, aliyekuwa na umri wa miaka 14. Mwaka huohuo Johnston alitoa kitabu chake maarufu kuhusu mwandiko na herufi, na sura inayohusu maandishi ya kuchongwa kwenye mawe iliandikwa na Gill.

### Namna ya kufanya kazi

Maandishi ya kuchonga hutofautiana na ya kuchora kwa sababu yana kina. Kinachosomwa si wino, bali ni mwanga na kivuli. Katika ufundi ambao Gill aliufuata na kuufundisha, kazi ilipitia hatua kadhaa.

Kwanza maneno yalipangwa kwenye karatasi kwa kipimo kidogo, ili kuamua mistari ikatike wapi na ukubwa wa herufi uweje. Baada ya hapo herufi zilichorwa juu ya jiwe lenyewe kwa ukubwa wake halisi. Nafasi kati ya herufi na herufi hazikupimwa kwa rula, bali kwa jicho. Herufi mbili zenye mistari iliyosimama, kama I na N, zikikaribiana sana huonekana zimesongamana, lakini A na V zikitengwa kwa kipimo hichohicho huacha pengo. Mchongaji alipaswa kusawazisha nafasi hizo hadi mstari mzima uonekane umejaa sawa.

Kisha ilifuata kazi ya tindo na nyundo. Jiwe lilisimamishwa mbele ya mchongaji, na mwanga ukaingia kutoka upande ili kivuli kionekane. Mfereji wa herufi ulikatwa kwa umbo la V: kuta mbili zilizoinama zikikutana chini katika mstari mmoja mkali. Jua likizunguka, ukuta mmoja hung'aa na wa pili huwa na kivuli, na hivyo herufi husomeka hata isipopakwa rangi. Kiharusi kipana huhitaji mfereji wa kina zaidi, na kiharusi chembamba hukatwa kwa kina kidogo. Serifu, yaani vimkato vidogo vinavyomalizia ncha za herufi, husaidia kuufunga mfereji kwa usafi.

Njia nyingine ilikuwa kuacha herufi zitokeze nje kwa kuondoa jiwe lote linalozizunguka. Njia hii ilihitaji muda mrefu na uangalifu mkubwa, kwa kuwa kipande kilichokatika hakirudishiki.

Uchaguzi wa jiwe ulikuwa sehemu ya ubunifu. Jiwe la chokaa la Portland linafaa kwa majengo ya nje. Hoptonwood, jiwe la chokaa kutoka Derbyshire, ni gumu zaidi na hupokea mistari myembamba. Jiwe la sleti kutoka Wales lina chembe ndogo sana, kwa hiyo herufi ndogo hukatika juu yake kwa ukali. Mara nyingi Gill aliongeza rangi ndani ya mifereji, hasa nyekundu na nyeusi.

## Ditchling

Mwaka 1907 Gill aliondoka London na kuhamia Ditchling, kijiji cha Sussex. Mwishoni mwa mwaka 1909 alianza kuchonga umbo la binadamu. Wakati ule wachonga sanamu wengi walifinyanga mfano kwa udongo, kisha mafundi wa kulipwa wakaunakili kwenye jiwe kwa vipimo. Gill, aliyekuja kwenye sanamu kutoka kwenye herufi, alichonga jiwe moja kwa moja. Pamoja na Jacob Epstein alikuwa kati ya waliofufua njia hiyo nchini Uingereza. Kwa kaburi la mwandishi Oscar Wilde jijini Paris, Epstein alitengeneza sanamu, na Gill akabuni maandishi yaliyochongwa na Joseph Cribb.

Hesabu Harry Kessler wa Ujerumani, aliyemtumia Gill kuandika kurasa za majina ya vitabu, alimpangia mwaka 1910 akajifunze kwa Aristide Maillol nchini Ufaransa. Gill alirudi nyumbani baada ya muda mfupi sana, kwa kuwa hakutaka kufuata njia ya mfinyanzi. Rafiki mwingine aliyemwathiri ni Ananda Coomaraswamy, mtaalamu wa sanaa ya India, ambaye naye alitetea jamii ambamo msanii ni fundi kama mafundi wengine.

Tarehe 22 Februari 1913, siku aliyotimiza miaka 31, Gill alipokewa katika Kanisa Katoliki pamoja na mke wake. Mwaka uliofuata alipewa kazi kubwa kuliko zote alizokuwa amepata: Vituo 14 vya Njia ya Msalaba kwa ajili ya Kanisa Kuu la Westminster jijini London. Alivichonga kwa jiwe la Hoptonwood kati ya miaka 1914 na 1918, na kwa ajili ya kazi hiyo aliahirishiwa utumishi wa jeshi hadi mwaka 1918. Baadhi ya waamini waliviona vikavu na vya baridi. Leo vinahesabiwa kati ya kazi muhimu za sanaa ya Kikristo ya karne ya 20 nchini Uingereza.

Baada ya vita, miji na vijiji vilitaka minara ya kumbukumbu, na karakana ya Gill ilipata kazi nyingi za namna hiyo, ukiwemo msalaba wa Trumpington karibu na Cambridge. Uliozua ugomvi ni mnara wa Chuo Kikuu cha Leeds, uliozinduliwa mwaka 1923. Gill alichonga Yesu akiwafukuza wafanyabiashara Hekaluni, lakini wafanyabiashara hao aliwavika mavazi ya matajiri wa siku zake. Leeds ulikuwa mji wa viwanda na biashara, na wengi waliona kwamba mchongaji amewatukana wale waliotarajia faraja.

Mwaka 1920 Gill, mchapaji Hilary Pepler na wenzao walianzisha huko Ditchling chama cha mafundi Wakatoliki kilichoitwa Chama cha Mt. Yosefu na Mt. Dominiko. Wanachama waliishi karibukaribu, kila mmoja akimiliki vifaa vyake na kuuza kazi ya mikono yake, na kusali pamoja kwa saa maalumu. Chama kilidumu hadi mwaka 1989, lakini Gill mwenyewe alikiacha mwaka 1924 baada ya kutofautiana na Pepler.

## Capel-y-ffin na kuzaliwa kwa Gill Sans

Mwaka 1924 familia ilihamia Capel-y-ffin, katika bonde la milimani nchini Wales, ndani ya jengo lililokuwa monasteri. Mahali palikuwa mbali na reli, na kusafirisha mawe makubwa ilikuwa shida. Gill aligeukia zaidi kazi zinazoweza kutumwa kwa posta: picha za kuchonga kwenye mbao kwa ajili ya vitabu, na michoro ya herufi.

Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype iliyotengeneza mashine za kupanga chapa, alimwomba Gill abuni herufi za vitabu. Morison alimtafuta mchonga mawe kwa makusudi, akiamini kwamba mtu aliyezoea kukata herufi atakuwa na mkono thabiti. Gill alianza mwaka 1925, na kazi hiyo ikazaa Perpetua, fonti inayoonyesha wazi asili yake katika maandishi ya mawe: serifu kali na herufi kubwa zenye uwiano wa Kirumi. Charles Malin, fundi wa Paris, alichonga kwa mkono mihuri ya kwanza ya chuma kutokana na michoro ya Gill kabla mashine haijaendelea na kazi.

Gill Sans ilianzia kwenye kibao cha duka. Mwaka 1926 kijana Douglas Cleverdon alifungua duka la vitabu mjini Bristol, na Gill akamchorea jina la duka kwenye ubao wa mbele kwa herufi kubwa zisizo na serifu. Alimwachia pia alfabeti ya mfano ili Cleverdon aweze kuandika matangazo yake mwenyewe. Morison alipoziona herufi hizo aliomba zitengenezwe kuwa fonti kamili, na Monotype iliitoa Gill Sans mwaka 1928.

Herufi zisizo na serifu hazikuwa jambo jipya. Edward Johnston alikuwa amekwisha kubuni alfabeti ya namna hiyo kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya London, iliyoanza kutumika mwaka 1916, na Gill alishiriki katika hatua za mwanzo za kazi hiyo. Deni la Gill Sans kwa Johnston linaonekana wazi. Tofauti yake na fonti nyingi zilizotokea Ujerumani wakati huohuo ni kwamba haikujengwa kwa bikari na rula peke yake. Herufi zake kubwa zinafuata uwiano wa maandishi ya Roma ya kale, na herufi ndogo kama a na g zina alama za mkono wa mwandishi.

Mwaka 1929 kampuni ya reli ya LNER iliichagua Gill Sans kwa matangazo, ratiba na vibao vyake. Gill mwenyewe alichora kwa mkono kibao cha jina la treni mashuhuri ya Flying Scotsman, na akapewa nafasi ya kusafiri pamoja na dereva katika injini. Mwaka 1935 vitabu vya bei nafuu vya Penguin vilianza kutoka na majalada ya Gill Sans. Hivyo herufi zilizozaliwa kwa brashi juu ya ubao mmoja zilisomwa na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina la mchoraji.

## Karakana ya Pigotts

Mwaka 1928 Gill alihamia kwa mara ya mwisho, katika shamba la Pigotts karibu na kijiji cha Speen, Buckinghamshire. Majengo ya shamba yalizunguka uwanja wa mraba wenye banda la nguruwe katikati. Pembeni zilikuwapo karakana za mawe, nyumba za familia, kikanisa, na kiwanda kidogo cha uchapaji alichokianzisha mwaka 1930 pamoja na mkwe wake René Hague. Humo zilitumika herufi za Joanna, fonti aliyoibuni Gill na kuipa jina la binti yake. Kitabu chake kuhusu uchapaji, *An Essay on Typography* (1931), kilipangwa kwa herufi hizo.

Gill alivaa joho fupi la kazi lenye mkanda kiunoni badala ya suti, na alianza siku kwa sala. Wanagenzi walijifunza kwa kufanya: kunoa tindo, kusawazisha uso wa jiwe, kukata mistari iliyonyooka, na hatimaye kukata herufi zilizochorwa na bwana wao. Kadiri kazi zilivyoongezeka, Gill alichora na wengine wakachonga. Fundi mkuu wa herufi alikuwa Laurie Cribb, mdogo wake Joseph, na mawe mengi ya miaka ya mwisho yanayohesabiwa kuwa ya Gill yalikatwa na mkono wake. Hapo fundisho la kwamba mbunifu na mtengenezaji wawe mtu mmoja liligongana na mahitaji ya karakana yenye wateja wengi. Tofauti na kiwanda ilikuwa kwamba Cribb alijua kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho na aliweza kuamua mwenyewe jiwe lilipodai mabadiliko.

## Kazi za majengo ya umma

Miaka ya Pigotts ndiyo iliyomletea Gill kazi kubwa za umma. Mwaka 1928 aliongoza kundi la wachongaji, akiwemo kijana Henry Moore, waliochonga michongo ya pepo kwenye makao makuu ya reli ya chini ya ardhi ya London. Gill mwenyewe alichonga mitatu kati ya minane.

Baada ya hapo alichonga sanamu za Broadcasting House, makao ya shirika la utangazaji la BBC. Mashuhuri zaidi ni ile ya Prospero na Ariel iliyopo juu ya mlango mkuu, iliyokamilika mwaka 1933. Wahusika hao wanatoka katika tamthiliya ya Shakespeare, *The Tempest*, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Tufani* kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Ariel ni roho wa hewani, kwa hiyo alichukuliwa kuwa mfano wa utangazaji wa redio.

Mwaka 1934 Gill alikwenda Yerusalemu kufanya kazi katika Makumbusho ya Akiolojia ya Palestina, ambayo leo yanajulikana kama Makumbusho ya Rockefeller. Juu ya mlango alichonga kukutana kwa Asia na Afrika, na uani akachonga michongo kumi inayoonyesha tamaduni zilizopita katika nchi hiyo. Alitengeneza pia maandishi ya kuelekeza wageni kwa Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu. Kwa jengo la Shirikisho la Mataifa jijini Geneva alitengeneza mchongo mkubwa kuhusu kuumbwa kwa mtu, zawadi ya serikali ya Uingereza, uliokamilika mwaka 1938.

Mwaka 1936 alikuwa kati ya wa kwanza kupewa cheo cha Mbunifu wa Kifalme wa Viwanda, ingawa alikuwa amepinga mfumo wa viwanda kwa miaka mingi. Mwaka 1937 maandishi yake yalitokea kwenye stempu za posta za mfalme George VI. Kanisa la Mt. Petro huko Gorleston-on-Sea, Norfolk, lililojengwa miaka 1938–1939, ni jengo pekee kamili alilolibuni.

## Mawazo yake

Gill aliandika vitabu na makala nyingi. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba sanaa ni kutengeneza vizuri kitu kinachohitajika, na kwamba msanii si mtu wa aina ya pekee. Seremala, mpishi na mchonga kaburi ni wasanii ikiwa wanawajibika kwa kazi yao. Kosa la kiwanda, kwa maoni yake, lilikuwa kumfanya mfanyakazi atii tu, huku akili ikiachwa kwa mbunifu na faida kwa mwenye mali. Alikubali kwamba vitu vya kiwandani vitaendelea kuwapo, ila alitaka viwe wazi na bila mapambo ya kuiga kazi ya mkono. Kwa sababu hiyo aliona Gill Sans inafaa kwa mashine. Katika miaka ya 1930 alipinga pia vita na silaha.

## Kifo

Gill alifariki kwa saratani ya mapafu katika hospitali ya Harefield, karibu na London, tarehe 17 Novemba 1940, akiwa na miaka 58. Alizikwa Speen. Jiwe la kaburi lake linamtaja kwa kazi yake tu, yaani mchonga mawe. Mchongo wa altare ya Mt. George katika Kanisa Kuu la Westminster, ambao hakuumaliza, ulikamilishwa na Laurie Cribb. Kitabu cha maisha yake alichokuwa amekiandika mwenyewe kilitolewa Desemba mwaka huohuo.

## Unyanyasaji na mjadala juu ya kazi zake

Kwa karibu miaka 50 baada ya kifo chake Gill alisifiwa kama Mkatoliki mwema na baba wa familia ya mfano. Mwaka 1989 Fiona MacCarthy alitoa wasifu wake akitumia shajara za Gill, ambazo zinahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika shajara hizo Gill mwenyewe alikuwa ameandika kwamba aliwanyanyasa kingono binti zake wawili wakubwa walipokuwa wasichana, na pia mahusiano ya kingono na dada yake.

Mwaka 1998 waliodhurika na unyanyasaji waliomba Vituo vya Njia ya Msalaba viondolewe Westminster, lakini Kanisa liliviacha. Mwaka 2017 makumbusho ya Ditchling yalifanya maonyesho yaliyozungumzia wazi uhusiano kati ya michoro yake ya miili na matendo yake. Januari 2022 mtu mmoja alipanda ngazi na kuipiga kwa nyundo sanamu ya Prospero na Ariel. Mwaka 2023 sanamu hiyo ilishambuliwa tena.

Wanaotaka kazi zake ziondolewe wanasema kwamba kuziacha mahali pa heshima ni kuwaumiza upya waathirika, hasa sanamu inayoonyesha mtoto uchi. Wanaotaka zibaki wanasema kwamba kazi ikikamilika inajitenga na aliyeitengeneza. Hoja hii ya pili ina ugumu wa pekee katika habari za Gill, kwa kuwa yeye mwenyewe alifundisha kinyume chake: kwamba kazi, sala na maisha ya nyumbani ni kitu kimoja, na kwamba mtengenezaji huwajibika kwa anachotengeneza. Kwa kipimo hicho alichokiweka mwenyewe, hawezi kuhukumiwa kwa uzuri wa herufi zake peke yake.

## Wanafunzi na urithi

Ufundi wa Gill uliendelea kwa njia ya wanagenzi wake. Joseph Cribb alibaki Ditchling na kuchonga hadi uzeeni. David Kindersley, aliyejiunga na Pigotts mwaka 1934, alianzisha karakana yake karibu na Cambridge na kubuni herufi zinazotumika kwenye vibao vingi vya majina ya mitaa nchini Uingereza. Karakana yake inaendelea hadi leo, na milango ya chuma yenye maandishi ya Maktaba ya Uingereza jijini London ilitoka huko. Ralph Beyer, aliyefika Pigotts mwaka 1937 akiwa mkimbizi kijana kutoka Ujerumani, alichonga maandishi makubwa ya ukutani katika Kanisa Kuu jipya la Coventry, lililofunguliwa mwaka 1962.

Gill Sans ilitumika katika nembo ya BBC kuanzia mwaka 1997 hadi 2021, na ingali imewekwa katika kompyuta nyingi. Kibao cha duka la Bristol, Perpetua na mawe ya karakana zake hufundishwa bado kwa wanafunzi wa ubunifu wa herufi. Siku hizi masomo hayo huenda pamoja na maelezo ya maisha yake, zikiwemo habari za wale walioumizwa nyumbani kwake.